Tinius wa Norwei: Mwenye Gazeti Aliyeziweka Hisa Zake Wakfu

Wenye magazeti wakubwa wa Ulaya na Marekani tumewasikia sana. Huyu kanunua gazeti fulani, yule kamfukuza mhariri, mwingine kaamrisha mgombea wake asifiwe kila asubuhi mpaka siku ya kura. Leo nataka kuwaletea wasomaji habari za mwenye gazeti wa namna nyingine. Jina lake Tinius Nagell-Erichsen, mtu wa Norwei, aliyezaliwa tarehe 10 Januari 1934 na kufariki tarehe 12 Novemba 2007, umri wake miaka 73. Bwana huyu alikuwa na uwezo wa kuuza na uwezo wa kurithisha, na fedha ambazo angepata lau angeuza zingewatosha yeye na wanawe na wajukuu wake. Akaamua mwenyewe, akiwa hai na akili zake timamu, kuyafunga yote hayo.

Huenda msomaji akauliza, Norwei na sisi wapi na wapi? Swali hilo ni la haki. Ni nchi ya milima na theluji, watu wake milioni tano na nusu hivi, na wengi wetu tukiisikia hukumbuka samaki na meli. Lakini nadhani jambo alilolifanya Bwana Tinius katika ofisi za mawakili huko Oslo, mtu wa Mombasa au Lamu atalielewa upesi kuliko mtu wa Paris. Sisi tumelelewa katika miji yenye mali za wakfu kila mtaa. Duka la pembeni kodi yake ni ya msikiti, shamba la minazi mazao yake ni ya madrasa, kisima kile kimechimbwa na mtu ambaye kaburi lake halionekani tena na watu bado wanateka maji. Mtoto wa pwani hajui sheria za makampuni, lakini ajua tofauti ya mali inayorithiwa na mali iliyozuiwa isirithiwe.

Basi tuanze na nyumba yenyewe. Mwaka 1839 mpiga chapa mmoja aitwaye Christian Schibsted alianzisha kiwanda chake cha chapa katika mji mkuu wa Norwei, ambao siku hizo ukiitwa Christiania na sasa huitwa Oslo. Mwaka 1860 akatoa gazeti, Christiania Adresseblad, na kuanzia Januari 1861 likabadilishwa jina likawa Aftenposten, yaani Posta ya Jioni. Siku hizi Posta ya Jioni hutoka asubuhi, na Wanorwei hawaoni ajabu, kama sisi tusivyoona ajabu kukuta nyumba mpya katika Mji wa Kale. Mwanawe Amandus alikalia kiti cha mhariri mkuu tangu 1879 mpaka 1913. Gazeti likawa la watu wenye nyumba na kazi za ofisini, siasa zake za kihafidhina, na kurasa zake zimejaa matangazo madogo madogo: nyumba inapangishwa, mtumishi anatakiwa, farasi anauzwa. Matangazo hayo ndiyo yaliyoitajirisha familia. Msomaji ayaweke akilini, maana mbele tutayarudia.

Mwenyewe alipoondoka, mali ikaenda kwa warithi. Wajua jinsi mambo yalivyo. Mwana ana fungu kubwa, mjukuu ana fungu la kadiri, kitukuu ana kipande, na kilembwe ana karatasi tu yenye jina lake na malipo kidogo kila mwaka. Kadiri vizazi vinavyoshuka ndivyo watu wanavyozidi kuwa mbali na kazi yenyewe. Babu alinuka wino; kilembwe hajapata kukanyaga kiwandani. Tinius alizaliwa katika ukoo huo, mmoja wa warithi wengi wa Schibsted, na tofauti yake na wengine ni kwamba yeye aliingia kazini na hakutoka. Maisha yake yote ya utu uzima aliyatumia katika magazeti ya nyumba hiyo, upande wa uendeshaji na si upande wa kalamu, mpaka akafikia kuwa mwenyekiti wa bodi ya Schibsted.

Kabla ya hayo lakini kuna utoto wake, nami naona hatuwezi kuuruka. Tarehe 9 Aprili 1940 majeshi ya Ujerumani yaliivamia Norwei. Tinius alikuwa mtoto wa miaka 6. Wajerumani walikaa miaka 5, mpaka tarehe 8 Mei 1945, na katika miaka hiyo redio za raia zilinyang'anywa, magazeti mengi yakafungwa, na yale yaliyoachwa yakawekwa chini ya ulinzi wa wavamizi. Aftenposten, gazeti la ukoo wake, halikufungwa. Liliendelea kutoka kila siku, likiongozwa na watu waliowaridhi Wajerumani, likiandika yaliyoruhusiwa. Upande wa pili kulikuwa na watu waliokuwa wakichapa vijikaratasi vya siri usiku, habari zimesikizwa kwa kujificha kutoka redio ya London, na waliokamatwa navyo wengine waliuawa. Mtoto wa nyumba ya gazeti aliyeona hayo akiwa na miaka sita mpaka kumi na moja hahitaji kufunzwa chuoni tofauti ya gazeti lililo huru na gazeti lililo mikononi mwa mtu. Lilipoondolewa shina la wavamizi, gazeti la baba zake lilikuwa limebaki na mali zake zote, limepungukiwa na heshima.

Baadhi ya watu waliopigana kwa siri dhidi ya Wajerumani waliungana mwaka huo huo wa 1945 wakaanzisha gazeti jipya, Verdens Gang, maana yake Mwendo wa Dunia. Toleo la kwanza lilitoka Juni. Mhariri wake wa kwanza alikuwa Chr. A. R. Christensen, na watu walizoea kuliita kwa kifupi VG. Lilikuwa gazeti la heshima, lisilofungamana na chama chochote katika nchi ambayo karibu kila gazeti lilikuwa na chama chake. Lakini heshima haimlipi mwenye karatasi. Kufika miaka ya 1960 VG lilikuwa hoi kwa fedha, na mwaka 1966 Schibsted wakalinunua.

Tinius, wakati huo kijana wa miaka 32, alikuwa miongoni mwa walioshughulikia ununuzi huo na ujenzi uliofuata. Wazee wengi wa Aftenposten hawakuona faida yake. Gazeti letu lauzwa kwa kujiandikisha, lapelekwa mlangoni kwa mteja, litafanya nini na gazeti la kuuzwa barabarani? Jawabu lilikuwa katika swali lenyewe. Aftenposten lilikuwa la mtu aliyejiandikisha mwaka mzima, ampende asimpende mhariri. VG lilipaswa kumshika mpita njia penye kioski kila siku upya: kichwa cha habari kikubwa, picha, michezo, malalamiko ya mlaji dhidi ya wakubwa. Asiyenunua leo hana deni nalo. Mwaka 1981 VG likalipita Aftenposten na kuwa gazeti lenye wanunuzi wengi kuliko yote Norwei, na mwaka 2002 lilifikia kiasi cha nakala 390,000 kwa siku. Katika nchi ya watu wachache kama ile, hesabu hiyo ni kubwa mno. Binafsi sipendi sana vichwa vya habari vya kupiga makelele, na wako Wanorwei wengi waliolalamika kwamba VG limeshusha lugha na adabu. Lakini fedha za makelele hayo ndizo zilizolisha nyumba yote kwa miaka.

Naomba ruhusa niseme neno langu mwenyewe hapa. Mimi nilipokuwa kijana nilifanya kazi ya kusoma prufu katika kiwanda kidogo cha chapa hapa Mombasa, kilichokuwa kikitoa pia gazeti la kurasa chache. Sitalitaja jina. Mwenyewe alikuwa mzee mpole, akilipenda gazeti kama mwanawe, na hasara yake akiifidia kwa kazi za kadi za harusi na vitabu vya risiti. Alipofariki, warithi walikuwa saba, na katika saba hao mmoja tu alikuwa akilisoma. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alikuwa na haja yake: ada ya skuli, nyumba isiyokwisha, safari ya matibabu. Mashine ziliuzwa kwa uzito wa chuma. Mimi nilibaki na sanduku la herufi za risasi ambazo hakuna aliyezitaka, na mpaka leo nikisikia habari za mwenye gazeti kufariki, swali langu la kwanza ni moja: warithi wangapi?

Schibsted nao walifika hapo, ila kwa hesabu kubwa zaidi. Mpaka 1989 nyumba hiyo ilikuwa ushirika wa jamaa peke yao. Mwaka huo ikageuzwa kuwa kampuni ya hisa, na mwaka 1992 hisa zake zikaingia katika Soko la Hisa la Oslo. Sababu zake ni wazi. Jamaa walikuwa wengi, wengine walitaka fedha zao, na kampuni nayo ilihitaji mtaji wa kukua. Kuanzia siku hiyo mtu yeyote duniani mwenye fedha, akiamka Oslo au New York, angeweza kununua kipande cha Aftenposten na VG. Na aliyekusanya vipande vya kutosha angekuwa bwana. Angeweza kuyafunga, kuyaunganisha, kuyauza moja moja, au kuyafanya tarumbeta lake.

Tinius aliliona hilo mapema, akajitayarisha. Badala ya kuuza hisa zake kama jamaa wengine, alizidi kununua. Alizikusanya katika kampuni yake binafsi iitwayo Blommenholm Industrier, iliyopewa jina la kitongoji kimoja magharibi ya Oslo, mpaka kampuni hiyo ikawa mwenye hisa mkubwa kuliko wote katika Schibsted, ikiwa na asilimia 26.1. Kisha mwaka 1996 akaunda taasisi, Stiftelsen Tinius, na akapanga kwamba taasisi hiyo ndiyo itakayoitawala Blommenholm.

Neno hilo la Kinorwei, stiftelse, lina maana ya ndani. Kwa sheria za Norwei taasisi ya namna hiyo haina mwenyewe. Mali ikishatiwa humo, aliyeitia si mwenyewe tena, wala wanawe si wenyewe. Ina waangalizi, ina shabaha iliyoandikwa, na serikali ina idara ya kuhakikisha kwamba waangalizi wanafuata shabaha hiyo. Msomaji wangu wa pwani tayari amekwisha tabasamu, nami sina haja ya kumfasiria. Si wakfu wa sharia, hilo tulielewe. Haukukusudiwa thawabu, na waangalizi wake wana ruhusa ya kununua na kuuza hisa kwa busara ya biashara, jambo ambalo mtawalii wetu halimjuzii ila kwa shida na idhini. Lakini umbo lake ni lile lile. Mwenye mali anasimama, anaweka mkono juu ya mali yake, anasema hii haitagawanywa, na faida yake iende kwenye jambo fulani. Jambo alilolitaja Tinius ni kwamba magazeti ya Schibsted yabaki huru, yajitegemee, habari zake ziaminike, na kampuni yenyewe iishi muda mrefu kwa faida ya halali ya biashara. Hilo la mwisho ni muhimu. Hakutaka magazeti ya kusaidiwa. Kwake gazeti lisilopata faida halina uhuru, maana kesho litampigia magoti atakayelipa deni.

Sasa kuna hesabu ambayo naipenda sana. Msomaji atasema, asilimia 26.1 ni kama robo tu, robo yawezaje kuwazuia robo tatu? Ufunguo umo katika katiba ya kampuni. Katiba hiyo ilisema hakuna mwenye hisa yeyote aruhusiwaye kumiliki wala kupigia kura zaidi ya asilimia 30. Kwa hivyo tajiri akija na magunia ya fedha, atanunua mpaka thelathini na hapo atagota. Je, akiwashawishi wengine wote waibadilishe katiba? Kuibadilisha kwahitaji robo tatu ya kura, yaani asilimia 75. Toa 26.1 katika mia: wanabaki 73.9. Hata wenye hisa wote wengine waliobaki duniani wakikaa upande mmoja, wamepungukiwa na moja na kidogo. Tena katiba ilimpa mwenye zaidi ya robo haki ya kumteua mjumbe wake katika bodi bila ya kuomba kura ya mtu. Ndiyo maana Tinius hakuhangaika kupata nusu. Alihitaji robo na chembe, na chembe hiyo ndiyo kufuli.

Baadaye, mwaka 2015, kampuni ilipotaka fedha za kupanuka bila ya kuipunguza nguvu robo hiyo, hisa ziligawanywa mafungu mawili: fungu la kwanza kila hisa kura kumi, la pili kila hisa kura moja. Wanaotaka faida wakanunua la pili. Mafundi wa sheria walikuwa na kazi.

Lakini kumzuia mnunuzi wa nje ni nusu ya shughuli. Nusu nyingine ni kumzuia mwenyewe. Je, wakfu wenyewe ukitaka kumwamrisha mhariri? Hapa Norwei wana jambo ambalo mimi natamani lingesomwa katika kila chumba cha habari. Mwaka 1953 chama cha wahariri na chama cha wenye magazeti walitia sahihi mapatano, nao huyaita Redaktørplakaten, tangazo la haki na wajibu wa mhariri. Ndani yake mwenye gazeti ana haki ya kuweka msimamo wa jumla wa gazeti, na ana haki ya kumwajiri mhariri mkuu. Baada ya hapo mlango wafungwa. Yaliyomo gazetini ni ya mhariri peke yake, na lawama zake ni juu ya mhariri peke yake. Mhariri akiona hawezi tena kuukubali msimamo wa jumla wa gazeti, wajibu wake ni kujiuzulu. Kwa miaka 55 mapatano hayo yaliishi kwa heshima tu, bila ya askari wala hakimu. Mwaka 2008 Bunge la Norwei likapitisha sheria ya kuyatia nguvu: mwenye gazeti hawezi kumpa mhariri amri juu ya habari, wala hawezi kudai aonyeshwe habari kabla haijachapwa.

Uzuri wa jambo hilo ulionekana nje ya Norwei. Mwaka 1996, mwaka ule ule wa wakfu, Schibsted walinunua asilimia 49.9 ya Aftonbladet, gazeti kubwa la Uswidi. Wauzaji walikuwa nani? Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Uswidi, LO. Hebu fikiri. Nyumba iliyojengwa kwa gazeti la kihafidhina inaingia kwenye gazeti la wafanyakazi, na katika masharti LO wanabaki na sauti juu ya ukurasa wa maoni ya kisiasa, uendelee kutetea siasa zao za kisoshalisti. Schibsted wakakubali. Miaka miwili baadaye wakanunua Svenska Dagbladet, gazeti la wahafidhina wa Stockholm. Ikawa asubuhi moja, kutoka mfuko mmoja, gazeti hili lamshutumu waziri na lile lamtetea, na mwenye mfuko hana la kusema.

Si kila walichogusa kiling'aa. Mwishoni mwa 1999 walipeleka gazeti la bure, 20 Minuten, mpaka Köln huko Ujerumani. Wenye magazeti wa huko wakatoa yao ya bure kulipiga vita, na mwaka 2001 Schibsted wakafunga virago. Zurich na Paris mambo yalikuwa mazuri zaidi.

Nilisema tutayarudia matangazo madogo. Ilipokuja intaneti, magazeti mengi ulimwenguni yalikaa yakingoja ipite. Nyumba, magari na kazi zikahamia huko, na fedha zikaondoka pamoja nazo. Schibsted, chini ya mkurugenzi wao Kjell Aamot aliyeongoza tangu 1989 mpaka 2009, walifanya jambo la kishujaa: walijinyang'anya wenyewe kabla ya kunyang'anywa na wengine. Mwaka 2000 Aftenposten na magazeti makubwa ya mikoani walianzisha FINN, soko la matangazo katika mtandao. Jina lenyewe ni amri, tafuta upate. Mnorwei anayeuza baiskeli au anayetafuta nyumba siku hizi huenda huko bila ya kufikiri. Mwaka 2003 wakanunua Blocket ya Uswidi, kisha wakaenea nchi nyingine nyingi. Nadhani wasingethubutu lau bodi ingekuwa na haraka ya faida ya miezi mitatu mitatu. Mwenye hisa mkubwa asiyekufa na asiyeuza hana haraka.

Tazama jirani yao. Kampuni nyingine kubwa ya Norwei, Orkla, ilikuwa na magazeti mengi ya mikoani. Mwaka 2006, Tinius bado hai, Orkla iliyauza kwa Mecom, kampuni ya Uingereza. Hapakuwa na kufuli yoyote ya kulizuia hilo. Waandishi walipiga kelele, wasomaji walinung'unika, na mkataba ulitiwa sahihi. Miaka michache baadaye magazeti yale yakauzwa tena kwa mwingine. Mwaka uliofuata mauzo hayo Tinius alifariki, na hisa zake hazikuingia sokoni.

Wako wanaoulaumu wakfu huu, na maneno yao yana uzito. Wanasema waangalizi wake hawakuchaguliwa na wananchi, lakini wameshika sehemu kubwa mno ya habari za Norwei. Wanasema pia mlinzi na anayelindwa wamekuwa mtu mmoja: Ole Jacob Sunde, aliyekuwa mwenyekiti wa Schibsted kwa miaka mingi tangu 2002, alikuwamo pia katika bodi ya wakfu. Sisi tumeona wakfu zilizoliwa na mawalii wake huku jina la aliyeuweka lingali limeandikwa mlangoni, kwa hivyo lawama hii hatuwezi kuipuuza. Jingine ni kwamba kufuli humzuia mnunuzi, halimzuii msomaji kuondoka. VG la karatasi leo ni sehemu ndogo ya lilivyokuwa 2002, na hakuna sheria ya kampuni iwezayo kumrudisha mtu penye kioski.

Mtihani mkubwa ulikuja Tinius akiwa kaburini miaka 16. Masoko ya mtandao yalikuwa yamekuwa makubwa kuliko magazeti yaliyoyazaa. Wawekezaji wa ng'ambo walitazama vitabu vya hesabu wakaona upande mmoja fedha nyingi, upande wa pili waandishi wengi, wakauliza kwa nini hivi viwili vimefungwa kamba moja. Mwaka 2019 masoko ya nchi za nje yalikuwa yametengwa tayari, yakapewa jina la Adevinta. Zikabaki zile za nyumbani na magazeti. Yangeweza kuuzwa kwa yeyote. Mwishoni mwa 2023 ikatangazwa kwamba mnunuzi ni wakfu wenyewe, kwa bei ya kroner bilioni 6.3, na tarehe 7 Juni 2024 kazi ikakamilika. Aftenposten, VG, Bergens Tidende, Stavanger Aftenblad, na yale ya Uswidi, Aftonbladet na Svenska Dagbladet, yote yakatoka katika soko la hisa na kuwa mali ya taasisi isiyo na mwenyewe. Aliyekuwa akiiongoza taasisi wakati huo ni Bibi Kjersti Løken Stavrum, naye mwenyewe ametoka katika kazi ya habari.

Ikabaki mambo ya jina. Upande wa masoko ndio uliokuwa na fedha, na mtu angetazamia uchukue jina la ukoo. Lakini jina la Schibsted, la yule mpiga chapa wa 1839, lilikwenda na magazeti. Masoko yalitafutiwa jina jipya, na tangu 2025 huitwa Vend.